Uwakala wa Vipimo vya Asili: Piga Hesabu Kabla ya Kuagiza

Msomaji wetu mmoja mwenye duka Darajani ametuuliza kama ni busara kuweka mtaji katika uwakala wa vipimo vya vinasaba. Bidhaa yenyewe ni kichupa cha kutemea mate. Kichupa hupelekwa maabara ng'ambo, na baada ya wiki kadhaa mteja hupata majibu kuwa asili yake ni asilimia fulani Afrika, fulani Arabuni, fulani Uajemi. Msomaji anasema wanunuzi wapo: watalii, na ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Maskati na London.

Sisi tunamshauri asiagize. Sababu zetu ni hizi.

Tuanze na bei. Kampuni ya 23andMe ya California ilianza kuuza kipimo mwaka 2007 kwa dola 999. Ilipofika mwisho wa mwaka 2012, bei ilikuwa dola 99. Bidhaa ikishuka bei namna hiyo, muuzaji hutegemea mteja arudi mara kwa mara, kama anavyorudi mnunuzi wa mchele. Lakini asili ya mtu haimaliziki jikoni ikabidi anunue nyingine. Akishapima mara moja, basi.

Matokeo yake yako wazi. Kampuni hiyo iliingia soko la hisa mwaka 2021 kwa thamani ya dola bilioni 3.5 hivi. Machi 2025 ilikimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Julai mwaka huo huo mali zake zilichukuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi ya Anne Wojcicki, mmoja wa waanzilishi wake. Aliyeshika hisa zake tangu mwanzo anajua alichobaki nacho.

Sasa mfanyabiashara ajiulize: katika mauzo yale, mali yenyewe hasa ilikuwa nini? Ilikuwa taarifa za vinasaba za wateja wapatao milioni 15. Ukigawa bei yote kwa idadi hiyo, unapata kama dola 20 kwa kichwa. Mteja alilipa akijua ananunua, kumbe naye yumo ndani ya ghala.

Sababu ya pili ni ubora wa bidhaa. Asilimia zile hupatikana kwa kulinganisha mate ya mteja na sampuli za watu walio hai ambao kampuni inazo. Mahali penye sampuli chache, majibu huwa ya jumla jumla. Mtu wa Makunduchi na mtu wa Tumbatu wanaweza kupewa jina moja la eneo pana, wakati kila mmoja anajua mji wake na kaburi la babu yake. Tena kampuni ikiongeza sampuli, asilimia hubadilika. Karafuu ya daraja la kwanza haigeuki kuwa ya daraja la pili ikiwa imeshafika kwa mnunuzi.

Hatusemi kwamba elimu ya vinasaba ni ya uongo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya Waswahili ya kati ya mwaka 1250 na 1800, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza na Songo Mnara. Iligunduliwa kuwa asili ya Afrika ilitoka zaidi kwa akina mama, na ile ya Asia kwa akina baba, wengi wao wa Uajemi, na kwamba kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Asili ya Arabuni iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500. Kwa hiyo wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuzua, na waliosema sisi ni Waafrika hawakukosea. Lakini uchunguzi ule ulieleza habari za miji. Haukumpa mtu yeyote cheti cha ukoo.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kwetu. Unguja, asili haijawahi kuwa mchezo wa sikukuu. Majina ya Mshirazi, Mwarabu na Mwafrika yaliingia katika vyama na kura za miaka ya 1950, na mwaka 1964 watu walikufa. Katika Mji Mkongwe nyumba moja inaweza kuwa na warithi wa matumbo matatu, nusu wako hapa na nusu Omani. Anayepima ni mmoja, wanaofunuliwa ni ukoo mzima. Mwaka 2023 wezi wa mtandao waliingia katika akaunti 14,000 hivi za kampuni ile ile, na kupitia huduma ya kutafuta jamaa wakapata taarifa za watu milioni 6.9. Mbele ya kadhi, nasaba hufuata ndoa na ushahidi. Karatasi ya California haimpi mtu fungu la mirathi, ila inaweza kuvunja udugu kabla shauri halijasikilizwa.

Na sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Wakala anayekusanya mate ya watu bila kumwona mwanasheria anacheza na mtaji wake.

Je, hakuna biashara hapa? Ipo, lakini haimo ndani ya kichupa. Mtu akishapata majibu hutaka kuona mahali. Ghana ilipowaita watu wa asili yake mwaka 2019, waliofaidika ni wenye hoteli, magari na chakula. Sisi tunapo Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Tunazo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zenye hati za Kiarabu na za ubalozi wa Kiingereza. Wanaokosekana ni vijana wa kuzisoma hati hizo na kumwongoza mgeni kwa adabu hadi kwa wazee wa shamba.

Ushauri wetu kwa msomaji wa Darajani: fedha ya uwakala msomeshe kijana mmoja hati za kale. Mgeni aliyeridhika atarudi na wanawe, na kila akirudi atakula, atalala na atalipa.