Haki ya mlalahoi isiachiwe wahisani

MNYONGE hana haki, walinena wahenga. Kwa miaka mingi kauli hiyo imekuwa kama sheria isiyoandikwa katika vituo vya polisi na mahakama zetu. Mchuuzi anayenaswa kwa kukosa leseni hufikishwa mbele ya hakimu bila kuelewa shtaka lenyewe, sembuse namna ya kujitetea. Hukiri kosa ili mambo yaishe. Akitozwa faini asiyoimudu huishia gerezani, na wanawe wakalala njaa.

Hii si dhana tu. Mnamo Januari 2017, Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki (NCAJ) lilitoa ripoti ya ukaguzi wa mfumo wa haki za jinai, uliofanywa kwa ushirikiano na mashirika ya Legal Resources Foundation na RODI Kenya. Ripoti hiyo ilibaini kuwa maskini ndio hukamatwa, kushtakiwa na kufungwa zaidi kuliko wenye nacho. Takriban asilimia 70 ya kesi zilihusu makosa kama vile kufanya biashara bila leseni, ulevi na kuzua fujo. Makosa mazito, yakiwemo yale yenye adhabu ya kifo na ya kingono, yalikuwa asilimia 30 tu.

Ni nani basi humsimamia mnyonge huyu? Kwa kiasi kikubwa si serikali, bali mashirika ya kujitolea. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mnamo 1973, kimetoa ushauri wa kisheria bila malipo kwa zaidi ya nusu karne, hasa katika migogoro ya ardhi, makao na ajira. Aidha, kimewafunza wananchi wa kawaida kuwa wasaidizi wa kisheria mitaani na vijijini. Katika magereza kama Shimo la Tewa na Kamiti, wafungwa waliopata mafunzo hayo huwasaidia wenzao kuandika rufaa na kujiandaa kwa kesi.

Mashirika haya pia hutetea haki za umma mahakamani. Desemba 2012, serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini wahamishiwe kambi za Dadaab na Kakuma, Kituo cha Sheria kilikwenda kortini. Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo Julai 2013, na mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Bila ya shirika la kuwasilisha kesi hiyo, ni wakimbizi wangapi wangeweza kumlipa wakili?

Ukweli ni kwamba taifa hili halina upungufu wa sheria nzuri. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada yoyote inayotozwa haimzuii kuipata. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa wakili wa kulipiwa na serikali pale ambapo kumkosesha kungeleta dhuluma kubwa. Mei 2017, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa haki hiyo haiwahusu tu wanaokabiliwa na hukumu ya kifo. Uzito na utata wa kesi pamoja na uwezo wa mshtakiwa kujitetea ni mambo ya kuzingatiwa.

Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Usaidizi wa Kisheria mnamo 2016. Sheria hiyo ilibuni Huduma ya Kitaifa ya Usaidizi wa Kisheria pamoja na hazina ya kuigharamia, ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na kuzitwika mahakama jukumu la kumfahamisha mshtakiwa haki yake ya kuwakilishwa.

Hata hivyo, sheria bila fedha ni sawa na kisima kisicho na maji. Mashirika yanayoziba pengo hilo yangali yanategemea wahisani, wengi wao wa kigeni. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, ilidhihirika jinsi huduma ya aina hiyo inavyoweza kukatika usiku mmoja kwa uamuzi uliofanywa ng'ambo.

Wapo wanaodai kuwa nchi yenye mzigo wa madeni haiwezi kumlipia kila mshukiwa wakili. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau mambo mawili. Kwanza, anayezuiliwa rumande hulishwa na kulindwa kwa pesa za mlipa ushuru. Pili, haki nyingi hazihitaji wakili wa bei ghali. Kifungu cha 49 kinapiga marufuku kumweka rumande mtu kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Vilevile, tangu 1998 sheria inaruhusu wahalifu wa makosa madogo kutumikia jamii badala ya kufungwa. Anachokosa mchuuzi wetu ni mtu wa kumweleza hayo kwa lugha anayoielewa kabla hajajibu mashtaka.

Wakenya waliona tofauti hiyo kwa macho yao wakati wa maandamano ya Juni 2024. Mawakili wa Chama cha Wanasheria nchini walijitolea kuzuru vituo vya polisi na kudai vijana waliokamatwa waachiliwe. Lakini mchuuzi anayekamatwa siku ya kawaida, pasipo kamera wala kelele mitandaoni, hana wa kumtafuta.

Kwa hivyo, Bunge litenge fedha za kutosha kwa hazina ya usaidizi wa kisheria, na kila kituo kikuu cha polisi kiwe na msaidizi wa kisheria aliyeidhinishwa. Kaunti nazo zipitie upya sheria ndogo zinazogeuza kutafuta riziki kuwa uhalifu. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika jijini Arusha ilitoa maoni kuwa sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu.

Mashirika ya hisani yamethibitisha kwamba kazi hii inawezekana. Jukumu la kuigharamia, hata hivyo, Katiba haikuwapa wao, iliipa serikali.