Mizani ya Majani na Mizani ya Duka



Nendeni saa ya kupima majani ya chai, Shagasha au shamba jingine la upande wetu, mtamwona mchumaji amesimama karibu na mizani kama askari wa zamu. Karani akisoma pungufu hata nusu kilo, papo hapo sauti inapanda. Ni haki yake, maana analipwa kwa kilo. Lakini mchumaji yule yule, siku ya mshahara, huingia dukani Kamembe, hupimiwa kilo 5 za mchele bila kutazama mizani, hulipa bila kudai risiti, akaenda zake. Kwenye mizani ya majani tuko macho. Kwenye mizani ya duka tumelala.

Sisemi hivi kwa kuwacheka wengine. Mwaka 2016 nilinunua mabati 24 kwa fedha niliyopata zamu yangu ilipofika katika kikundi chetu cha akiba. Muuzaji aliniambia ni geji 30. Niliamini mdomo wake, nikapokea kikaratasi chenye jumla ya fedha tu. Fundi alipopanda juu na kupiga misumari ya kwanza, akaniita: "Mzee, umeuziwa geji 32, haya ni mepesi." Nilirudi dukani mbio. Muuzaji akasema hanijui, na mabati hayo hayakutoka kwake. Ningemjibu nini? Sikuwa na karatasi yenye jina lake, wala yenye neno "geji". Akiba ya miezi mingi ikaenda hivyo, na mvua ilipokuja watoto walihamisha mikeka usiku.

Ndugu, tazameni hesabu hii. Chama hukaa mezani na mwajiri, tunabishana, mwisho nyongeza kidogo inapatikana. Kama nyongeza hiyo inaishia katika godoro linalobonyea baada ya miezi 2, tumepata nini? Bidhaa mbovu ni kukatwa mshahara, ila mkataji hakai ofisini, anakaa dukani.

Wengi wetu hudhani kwamba sheria ya kumlinda mnunuzi ni ya matajiri wa Kigali. Sivyo. Mwaka 1985, mwaka ule ule CESTRAR ilipoundwa, Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kuwalinda wanunuzi wa dunia nzima. Hapa Rwanda ilikuja Sheria Na. 36/2012 ya tarehe 21 Septemba 2012, juu ya ushindani wa biashara na ulinzi wa mnunuzi. Msingi wake ni mwepesi kuelewa: muuzaji aseme kweli juu ya kitu anachouza, aonyeshe bei, na atoe hati ya kuthibitisha kwamba ameuza. Kisha kwa sheria ya mwaka 2017 ikaundwa RICA, idara ya serikali ya ukaguzi, ushindani wa biashara na ulinzi wa mnunuzi. Haya yote ni mali ya mchumaji wa chai na ya mpakia saruji wa Bugarama, sawasawa na ya mkurugenzi.

Mtaniuliza: na kile kibao kinachosema "Mali ikishauzwa hairudishwi"? Kibao hicho hakifuti uongo. Sheria ya mikataba Na. 45/2011 haimlindi aliyepata fedha kwa udanganyifu. Aliyedanganywa anaweza kudai mapatano yavunjwe. Lakini tuseme kweli pande zote mbili. Ukinunua viatu vizima, ukafika nyumbani ukaona rangi haikupendezi, hapo huna kesi. Ukiiangusha redio mwenyewe, usimsumbue mwenye duka. Haki yetu ina nguvu tunapodai kilicho cha haki, na muuzaji mwaminifu naye hataki kuharibiwa jina na matapeli.

Basi tufanye nini? Kwanza, daini risiti. Tangu mwaka 2013 mashine za EBM zimeingia madukani. Risiti yake huonyesha jina la muuzaji, namba yake ya kodi, tarehe, kitu na bei. Hakikisheni kitu kimeandikwa kwa sifa zake: si "mabati" tu, bali "mabati geji 30". Ukinunua kwa mtu asiye na mashine, mwombe aandike kwa mkono, atie jina, simu na sahihi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, ukiona kasoro acha kukitumia kitu, urudi mapema, tena na shahidi. Sema kwa utulivu unataka nini: kutengenezewa, kubadilishiwa, au kurudishiwa fedha. Akikataa, kuna RICA. Kuna pia MAJ katika kila wilaya, na kwetu Rusizi ipo, mahali mwananchi anapopewa ushauri wa sheria bila malipo. Huko watakuambia kama shauri lako ni la wapatanishi, yaani abunzi, au ni la mahakama.

Tatu, kumbukeni mpaka. Tunavuka daraja la Rusizi kununua Bukavu kwa sababu bei hutuvutia, nami sikatazi. Lakini sheria ya Rwanda haivuki daraja pamoja nawe, na RICA haina amri ng'ambo. Kongo nako muuzaji hujibu kwa kasoro iliyofichika. Hiyo ni sheria ya tangu mwaka 1888. Ila utaidai huko huko, kwa nauli yako na siku zako za kazi. Kitu kikubwa cha kukaa nacho miaka, pigeni hesabu hiyo kabla ya kufurahia bei.

Mwisho, jambo la chama. Mwaka jana dada mmoja mchumaji aliuziwa godoro bovu. Alirudi peke yake, akafukuzwa kwa maneno. Alikuja kwetu na risiti mkononi. Tulikwenda naye watu 3, hatukupiga kelele, tulisoma risiti tu. Godoro likabadilishwa kabla ya saa sita. Duka ni lile lile, risiti ni ile ile. Kilichoongezeka ni wenzake 2 na mimi.

Kwa hiyo naomba kila tawi lichague wanachama 2 wa kumsindikiza mwenzao aliyeuziwa kitu kibovu. Fedha ile tuliipata kwa jasho, tena kwa kubishania nusu kilo. Tusiiache dukani bila kuuliza.