Mtoto Asiyesikia Si Mkaidi



Mara nyingi mtoto mwenye ulemavu huweza kutambuliwa kwanza na mwalimu wa darasa. Ndiye anayemwona mwanafunzi akisogelea ubao kila mara, au akijibu swali ambalo hakuulizwa. Mwalimu hatakiwi kutaja maradhi. Anatakiwa kumwelekeza mzazi kwenye kituo cha upimaji. Nchini Kenya vituo hivyo, maarufu kama EARC, vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Mtoto hupimwa, kisha hupendekezwa asaidiwe akiwa shule ya kawaida, aingie kitengo maalum au ahamie shule maalum.

Mzazi anayeandika barua hii ana mtoto wa gredi ya tatu asiyesikia vizuri. Kwa muda mrefu mtoto huyo aliitwa mkaidi, akaketishwa nyuma na kuadhibiwa kwa kupuuza maagizo ambayo hayakumfikia. Shule ilipokubali kuandika barua, kituo kilikuwa na afisa mmoja tu, naye alikuwa kwenye semina. Aliporudi, ikabainika kuwa mashine ya kupimia masikio ni mbovu. Mzazi akatumwa hospitali. Hospitali ikadai barua ya kituo, kituo nacho kikadai ripoti ya hospitali. Kila safari ilikula nauli na kibarua cha siku nzima. Jana aliambiwa asubiri muhula ujao, ilhali mtoto anaendelea kuketi darasani bila kuambulia kitu.

Ikiwa mzazi wa mjini anazungushwa hivi, yule wa kijijini asiyejua hata kituo kiko wapi atafika lini? Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya elimu. Lakini pasipo ripoti ya upimaji, mtoto hapati nafasi katika kitengo maalum, wala muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa.

Wakati vituo vikikosa mashine na maafisa, wanasiasa nao hawakosekani penye kamera. Uchaguzi ukikaribia, viti vya magurudumu hugawiwa uwanjani bila yeyote kumpima mtoto atakayekalia kila kimoja, na kiti kisichomtosha huweza kumuumiza mgongo. Hela zinazoteketea kwa mahema na vipaza sauti zielekezwe kwenye mashine za vituo na mshahara wa afisa wa pili. Siku za upimaji nazo zibandikwe katika kila shule, mzazi azijue kabla ya kupanda matatu.

Mzazi,
Mombasa