Nasaha kwa Wapiga Mbiu wa Sanaa

Kila mwaka vijana wengi huingia katika kazi ya kutangaza wanamuziki, maigizo, filamu na matamasha. Huingia kwa kishindo, na baada ya miaka miwili mitatu husikii tena habari zao. Si kwamba walikosa akili au bidii. Wengi waliangushwa na jambo moja: neno lao liliacha kuaminika, na katika kazi hii mtu hana mtaji mwingine.

Nazungumzia kiki. Wimbo unakaribia kutoka, basi inapikwa habari kwamba msanii kaachana na mchumba wake, au kagombana na mwenzake, au yu mahututi. Redio zinaitangaza, mitandaoni watu wanabishana, wimbo unasikika wiki mbili. Wiki ya tatu mhariri anagundua kwamba alidanganywa. Pengine hatasema kitu. Lakini siku utakayompelekea habari ya kweli, ya mzee wa dansi aliyefariki au ya kikundi cha ngoma kilichoalikwa ughaibuni, ataiweka pembeni kwanza aichunguze, na gazeti litatoka bila habari hiyo. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Wewe unayetaka kuishi kwa kazi hii miaka thelathini, utaipitaje njia hiyo?

Tazameni jinsi mwanamuziki Remmy Ongala alivyofika mbali. Alizaliwa Kindu, Kongo, akafanya maskani Dar es Salaam, akavuma na bendi ya Orchestra Super Matimila. Rafiki yake mmoja aliyekuwa akirudi Ulaya alichukua kanda yake, akaifikisha kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD la Uingereza. Mwaka 1988 Remmy akaenda kupiga huko, na mwaka uliofuata ikatoka albamu yake kwa lebo ya Real World. Hakikutungwa kisa wala ugomvi. Ilikuwapo kanda, na mtu aliyetambua uzito wa kilichomo, akajua pia ni nani anayestahili kuisikiliza. Kazi yetu yote imo humo.

Utautambuaje uzito wa kazi usiyoijua? Nendeni mazoezini, mkae hadi mwisho. Anayetangaza kikundi cha taarabu ajue ala kama kanuni na udi, ajue nani ametunga shairi na nani ametia muziki, maana wazee wanaosoma gazeti wanayajua hayo, na kosa moja linawatosha. Taarifa unayopeleka kwa mhariri iseme nani, nini, wapi, lini, na kiingilio shilingi ngapi. Picha iwe na majina ya wote walioonekana, kutoka kushoto kwenda kulia. Ipeleke mapema, kabla kurasa hazijajaa. Na usitie bahasha ya fedha ndani yake: habari iliyonunuliwa leo, kesho utaambiwa bei imepanda.

Mambo yakiharibika, semeni. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, na waandaaji wakatangaza hivyo. Mwaka 2017 lilirudi Ngome Kongwe, na watu wakarudi nalo. Mnunuzi wa tiketi anaweza kuvumilia upungufu alioelezwa. Kufika getini akakuta kufuli, hilo hasahau, na atamsimulia kila mtu.

Jambo ambalo vijana hulipuuza zaidi ni kutunza kumbukumbu, nami linaniuma sana. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake tunaisikia, na maisha yake tunayasoma kwa kuwa mwandishi Shaaban Robert aliyaandika. Ni waimbaji wangapi wa zama zake, huku Unguja na kule Mombasa na Lamu, ambao leo hatuna hata majina yao? Kila tangazo, kila picha, kila kanda ya mazoezi, iandikeni tarehe na majina, muihifadhi sandukuni, mahali pakavu. Mwandishi atakayekuja baada ya miaka ishirini kumtafuta msanii uliyemtangaza atabisha hodi kwako, na mzee mwenye sanduku la namna hiyo hakosi kazi.

Ujira wenu uandikwe kabla ya kuanza, hata na ndugu, hasa na ndugu. Na msanii akikutaka utangaze uongo, mkatalie faraghani, kwa heshima, umweleze hasara yake. Akishikilia, achaneni. Siku hiyo mkabidhi picha zake na kanda zake zote, zikiwa na majina na tarehe, ili atakayeshika nafasi yako azikute salama.