Upote Hulia Kabla ya Mshale Kufika

Katika Marekani, ambako kuwinda ayala kwa upinde ni mchezo wenye mashabiki wengi, imeenea itikadi ya kwamba upinde ukizidi kasi, ndipo na mwindaji apatapo ruhusa ya kusimama mbali zaidi na windo lake. Nami nasema itikadi hiyo ni batili, tena ni dhuluma kwa mnyama, kwa kuwa mshale, hata uwe mwepesi wa namna gani, hauwezi kuitangulia sauti ya upote uliourusha.

Sauti husafiri hewani kadiri ya mita 340 kwa sekunde, ilhali upinde wa kisasa wenye kapi, ulio hodari kuliko pinde za mbao, aghalabu huurusha mshale kwa mita 90 tu. Ayala aliye umbali wa mita 40 hupata habari baada ya sekunde 0.12, na mshale humfikia baada ya sekunde 0.44. Tukikadiria ya kwamba masikio, ubongo na misuli yake huhitaji sekunde 0.15 ili kuitikia, bado husalia karibu sekunde 0.18 za kujiokoa. Wala haanzi kwa kukimbia: ili aruke hana budi kwanza kukunja miguu, na akiikunja, kiwiliwili chake hushuka kwa mvutano wa ardhi, kama jiwe lililoachiwa kutoka mkononi. Katika muda huo hushuka kiasi cha sentimita 15, na sentimita hizo zatosha kabisa kuupitisha juu mshale uliokusudiwa mapafu, ukagota kwenye uti wa mgongo, au ukachana nyama tu na kumwacha mnyama atokomee msituni na jeraha litakalomtesa siku nyingi.

Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kwa mita 20, mnyama hubakiwa na takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, na kushuka kwake hakufiki hata sentimita moja. Masafa yamepungua nusu tu, na hatari karibu yote imeondoka, kwa sababu kushuka huongezeka kwa mraba wa muda.

Wako wanaojibu ya kwamba yatosha kulenga chini kidogo. Hiyo ni kamari. Ayala anayekula kwa utulivu huenda asishtuke hata kidogo, na yule aliyekwisha kutega masikio hushuka mapema. Mwindaji hajui kwa yakini yupi kati yao amesimama mbele yake. Afadhali yule anayechagua mshale mzito, kwani mshale mzito huchukua sehemu kubwa zaidi ya nguvu za upinde, zikasalia chache za kuutetemesha upote, na mlio ukapungua, ingawa kasi nayo hupungua.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao kwao upinde ni riziki, huwinda kwa pinde za mbao zisizo na kapi wala darubini. Mwishoni mwa kiangazi hujibanza usiku katika maficho karibu na maji, wakamngoja mnyama awajie. Na kwa wanyama wakubwa huipaka mishale yao sumu ya mimea, ambayo humaliza kazi hata pale mshale usipogonga moyo. Mmarekani aghalabu hana sumu hiyo. Tegemeo lake ni makali ya chuma yapite katika mapafu, na kwa hiyo ana haja kubwa zaidi ya ukaribu kuliko Mhadzabe, ilhali yeye ndiye anayehimizwa na wauza pinde asimame mbali.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia mafunzo ya wawindaji wa upinde katika majimbo ya Marekani waitangulize elimu ya kunyatia kabla ya elimu ya kulenga, waiweke mita 20 kuwa mpaka wa kawaida wa kumpigia ayala, na wamfundishe mwanafunzi kuushusha upinde wake kila aonapo mnyama ameinua kichwa na kutega masikio, hata akiwa karibu kiasi gani.