Afande, hiyo ni amri au ni utani?

Tuseme wewe ni binti wa Kulamawe, hapa Isiolo, na umejiunga na polisi. Mlio wa bunduki hukushtui. Shule ya jeshi ya askari wa miguu iko papa hapa Isiolo. Siku ya kulenga shabaha imewadia. Umelala kifudifudi kwenye changarawe, jua lakuchoma mgongo, bunduki iko begani. Mara mkufunzi anasema, wote wakisikia, "Huyu angelala hivi kwangu, nisingeenda kazini." Wenzako wanaangua kicheko.

Utafanyaje?

Kwanza ondoa kidole kwenye kifyatulio. Usigeuke kumtazama! Ukigeuka, mtutu nao hugeuka, na hapo kosa ni lako. Ngoja amri ya kutoa risasi, bunduki ikaguliwe, ndipo uinuke.

Tusimwonee mkufunzi, lakini. Uwanjani watu hufokewa, na anayekukaripia kama mtoto kwa sababu umeelekeza bunduki pabaya anaokoa roho za watu. Huo ni ukali wa kazi, uvumilie. Maneno juu ya kiuno chako hayamfundishi mtu kulenga. Hata mkono wake una mpaka: akitaka kurekebisha bega lako, akuarifu kwanza, au alale chini mwenyewe akuonyeshe.

Baadaye mwendee, mwenzako mmoja akiwa karibu, umwambie: "Afande, makosa yangu ya kulenga nieleze yote. Ya mwili wangu sitaki kuyasikia tena." Basi. Usitukane, wala usicheke ili yapite. Kicheko hicho ndicho atakachokishika kesho, adai kwamba ulifurahia.

Tena kumwambia wazi kuna faida kisheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamhusu mwenye mamlaka au mtumishi wa umma anayeendelea kumtaka mtu kimapenzi huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Mzaha mmoja huenda usifike huko, ila akirudia baada ya kuonywa, hawezi kusema hakujua. Kwa hivyo jioni andika tarehe, maneno yenyewe na waliokuwapo. Mkubwa wake akipuuza, kuna Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, na kuna IPOA, ambayo hupokea malalamiko ya raia na ya polisi wenyewe.

Raia aliyelipa ada katika uwanja wa kibinafsi ana nafuu: atamwona meneja, na asiposikizwa atahama na pesa zake. Wewe huwezi kuhama, na anayekutania ndiye anayekupa alama. Kwa hivyo kabla hujafungua mdomo, hesabu matundu kwenye shabaha yako mbele ya mwenzako, uyaandike, naye atie sahihi.