Kaka, hivi si vitabu vya watoto

Kaka yangu kila nikipiga simu ananicheka eti mtu mzima nasoma hadithi za sayari. Haya, namjibu hapa mbele zenu.

Kaka, kipo kitabu kinaitwa Dark Matter, mkusanyiko wa waandishi weusi uliohaririwa na Sheree R. Thomas mwaka 2000. Humo imo The Comet ya W.E.B. Du Bois, ya mwaka 1920. Mjumbe mweusi wa benki anatumwa chini kabisa kwenye hazina, kwa kuwa wakubwa hawataki kuhatarisha mtu wa maana. (Wabeba boksi wenzangu mmenielewa.) Huku juu, gesi ya nyotamkia inaua watu New York nzima. Akitoka, anakutana na binti mzungu tajiri aliye hai. Kwa saa chache ni binadamu wawili tu. Kisha wanatokea wazungu waliokuwa nje ya jiji, na ubaguzi unarudi palepale.

Hiyo ya watoto? Nyingine humo zimenichosha, nikaziruka. Shangazi anakuja Desemba, nakala yako iko kwenye begi lake. Anza na hiyo, halafu nipigie wewe.